DARASA LA KIINGEREZA: TENDO LILILOANZA NA HALIJAFUNGWA



Ukurasa wetu huu wa lugha, kama ilivyo desturi yake, umekusudiwa wazazi wanaowasimamia watoto wao katika masomo ya jioni, na vijana wenyewe wanaojitayarisha kwa mtihani, au kwa kazi, au kwa safari ya mbali. Mwezi huu twataka kusema juu ya wakati mmoja wa vitenzi vya Kiingereza ambao huwasumbua watu wetu kuliko nyakati nyingine nyingi. Kuuunda ni kazi nyepesi, kama tutakavyoona hivi punde. Uzito wake umo katika kujua ni lini unatakiwa, maana Kiswahili chetu huenda bila ya wakati huo wala hakioni upungufu wowote. Waingereza wauita "Present Perfect Continuous". Sisi twaweza kuuita wakati wa tendo lililoanza zamani na linaloendelea mpaka sasa.

Tuchukue sentensi moja nyepesi: "Nangoja basi tangu saa moja asubuhi." Hicho ni Kiswahili safi ambacho hapana mtu awezaye kukitia ila. Sasa kijana huifasiri neno kwa neno, akaandika: "I am waiting for the bus since seven o'clock." Kwanza na apewe heko, kwani hakukosea saa; amekumbuka kwamba saa moja yetu ya asubuhi ni saa saba kwa hesabu ya Waingereza. Walakini sentensi yake haikusimama. Kila neno lililomo ni la Kiingereza, lakini Mwingereza hasemi hivyo. Yeye akishataja "since", yaani tangu, hawezi tena kusema "am waiting". Husema: "I have been waiting for the bus since seven o'clock."

KOSA HILI LATOKA WAPI

Mzazi asimkemee mtoto kwa kosa hili, wala asidhani ni uvivu. Lina asili yake, na ajuaye asili ya kosa huweza kuling'oa.

Asili ya kwanza ni hii. Katika Kiswahili, tendo ambalo lingali likitendeka twaliweka katika wakati uliopo, hata kama lilianza mwaka juzi. Twasema "Nakaa hapa tangu mwaka 2015," na neno "tangu" peke yake latosha kumwonyesha msikilizaji kwamba jambo ni la siku nyingi. Wala si sisi tu tufanyao hivyo. Yeyote aliyesoma nahau kidogo atakumbuka kwamba Mwarabu, asemapo kuwa akaa mahali fulani "mundhu" miaka miwili, hutumia mudhari, kitenzi kile kile cha kueleza jambo la sasa. Wafaransa nao husema vivyo hivyo, na Wajerumani hali kadhalika. Kwa hiyo kijana wetu anapokosea, amekosea pamoja na watu wa mataifa mengi. Mwingereza ndiye aliyejitenga kwa desturi yake, na sisi tunaojifunza lugha yake hatuna budi kuifuata desturi hiyo.

Asili ya pili ni silabi yetu "-me-". Watoto wengi hufundishwa kwamba "-me-" ni sawa na "have". Yafaa mahali pengi: "Nimemaliza" ni "I have finished". Lakini tazama "Mtoto amelala." Mtoto huyo hajaamka, yuko kitandani sasa hivi, na Mwingereza husema: "The child is sleeping." Kadhalika "Amevaa kanzu" ni "He is wearing a kanzu", na "Amesimama mlangoni" ni "He is standing at the door". Kumbe "-me-" yetu mara nyingi hueleza hali iliyopo sasa. Basi ukisikia "Mtoto amelala tangu saa nane mchana," usiandike "The child has slept since two o'clock" kwa sababu ya kuiona "-me-" hapo. Jiulize kwanza: je, angali amelala? Naam, angali. Basi andika: "The child has been sleeping since two o'clock."

Siku hizi twasikia katika redio na twasoma katika magazeti maneno kama "nimekuwa nikingoja" na "wamekuwa wakijenga". Maneno hayo yamejengwa kwa namna inayokaribiana sana na Kiingereza, nayo yafaa kuwa daraja la kumvusha mwanafunzi. Mzazi aweza kumwambia mtoto: "Kabla hujaandika, geuza kwanza sentensi yako iwe 'nimekuwa niki-', kisha ndipo ufasiri." Hiyo ni njia njema kwa anayeanza, ila asije akadhani kwamba Kiswahili hakina njia nyingine ya kusema jambo hilo.

NAMNA YA KUUUNDA

Wakati huu umesimama juu ya nguzo tatu, na zote tatu lazima ziwepo. Nguzo ya kwanza ni "have" au "has". Ya pili ni "been". Ya tatu ni kitenzi chenyewe kilichotiwa "-ing" mwishoni.

"Have" hutumika kwa mimi, wewe, sisi, nyinyi na wao. "Has" hutumika kwa mtu mmoja au kitu kimoja kinachosemwa:

I have been working.
You have been working.
We have been working.
They have been working.
He has been working.
She has been working.
It has been raining.

Katika mazungumzo, "I have" hufupishwa ikawa "I've", na "she has" ikawa "she's". Hapo pana mtego mdogo, kwani "she's" yaweza kuwa "she is" au "she has". Neno linalofuata ndilo litakalokuonyesha njia: ukisikia "been", jua kwamba hiyo ni "has".

Nguzo ya pili, "been", haigeuki kabisa. Iwe mimi au wao, iwe mwanamume au mwanamke, ni "been" ile ile. Wanafunzi wengi huandika "being" mahali pake, kwa sababu maneno haya mawili hukaribiana masikioni. "I have being waiting" ni kosa, na wasahihishaji wa mitihani hulikuta mara nyingi. Baada ya "have" au "has" andika "been". Herufi nne, basi.

Nguzo ya tatu yaleta faraja. Mwanafunzi anajua taabu ya kukariri "go, went, gone" na "write, wrote, written". Katika wakati huu taabu hiyo haipo. Kila kitenzi chatiwa "-ing" tu: "going", "writing", "eating". Yapasa kuangalia maandiko yake peke yake. Kitenzi kinachokwisha kwa "e" isiyotamkwa huiacha: "write" huwa "writing", "make" huwa "making". Kitenzi kifupi kama "run", "sit" na "cut" hukariri herufi yake ya mwisho: "running", "sitting", "cutting". Kinachokwisha kwa "y" huibakiza: "study" huwa "studying". Na "lie", yaani kulala chini au kusema uongo, huwa "lying".

Tukitaka kukanusha, twaweka "not" baina ya nguzo ya kwanza na ya pili: "I have not been sleeping well," yaani siku hizi sipati usingizi mzuri. Tukitaka kuuliza, nguzo ya kwanza hutangulia mbele ya mtendaji: "Have you been waiting?" Na swali litumikalo zaidi ya yote ni lile la muda: "How long have you been waiting?" Nalo maana yake ni: umengoja kwa muda gani mpaka sasa? Jibu fupi ni "Yes, I have," au "No, I haven't."

"SINCE" NA "FOR"

Maneno haya mawili hufuatana na wakati huu kama kivuli na mwenye nacho, na watu wengi huyachanganya. "Since" huonyesha mahali jambo lilipoanzia. "For" huonyesha urefu wa muda wenyewe.

Twasema "since Monday", "since 2019", "since Ramadhan", "since I was a child". Zote hizo ni nukta moja ya mwanzo. Na twasema "for three days", "for ten years", "for a long time". Hizo ni vipimo vya muda.

Sisi katika mazungumzo husema "Naumwa tangu siku tatu," na msikilizaji akaelewa. Mwingereza hakubali "since three days". Kwake yeye, siku tatu ni kipimo, na kipimo chataka "for": "I have been feeling ill for three days." Akitaka kutumia "since" atataja siku yenyewe: "I have been feeling ill since Friday."

Na tumwonye mwanafunzi juu ya neno "ago". Hilo hueleza tendo lililokwisha pita, wala halikai na "have been". "I have been working here two years ago" haifai. Ama aseme "I started working here two years ago," nilianza kazi hapa miaka miwili iliyopita. Ama aseme "I have been working here for two years," nafanya kazi hapa kwa miaka miwili sasa.

MATUMIZI YAKE MATATU

La kwanza ni lile tulilolieleza, tendo lililoanza zamani na lingali likiendelea. "My sister has been teaching since 2018." Dada yangu anafundisha tangu mwaka 2018, na kesho asubuhi atakwenda tena darasani.

La pili ni tendo lililokuwa likiendelea likakoma sasa hivi, nalo limeacha alama inayoonekana. Baba aingia nyumbani amkuta binti yake macho mekundu, yanatoka machozi, naye ashtuka: "Why are your eyes red?" Binti ajibu: "I have been cutting onions." Hakatikati tena vitunguu, kisu amekwisha kukiweka. Lakini athari ya vitunguu iko machoni. Kadhalika mtu atokapo nje akaona ardhi imelowa na mbingu zimetakata, husema "It has been raining." Na mtoto aingiapo na vumbi miguuni hana haja ya kuulizwa sana: "You have been playing football."

La tatu ni jambo linalokariri katika siku hizi za karibuni. "Saidi has been coming late to school this week." Si kwamba Saidi yuko njiani wiki nzima, bali amechelewa leo, na jana, na juzi, na mwalimu aona kwamba imekuwa tabia.

TOFAUTI YAKE NA WAKATI ULIO JIRANI

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Kiingereza kina wakati mwingine unaofanana na huu, nao ni "I have written", "I have eaten", "I have paid". Huo hutazama tendo lililotimia. Wetu wa leo hutazama tendo likiwa katika mwendo wake. Wakati ule umefunga mlango. Huu umeuacha wazi.

Mama aliacha tende katika sahani. Akirudi akaikuta sahani tupu, atauliza: "Who has eaten my dates?" Akirudi akaikuta nusu imebaki, atauliza: "Who has been eating my dates?" Swali la kwanza lasema tende zimekwisha. La pili lasema mtu amekuwa akidokoa, na bado ziko.

Kuna kanuni nyepesi ya kumsaidia mwanafunzi. Ukitaja hesabu ya vitu vilivyotimia, tumia wakati ule jirani. Ukitaja muda wa shughuli, tumia wakati wetu huu. "Fatma has written four letters," kwa sababu barua nne zimehesabiwa na zimekwisha. "Fatma has been writing letters since morning," kwa sababu twaeleza shughuli yake, wala hatukusema ni ngapi. Haifai kusema "Fatma has been writing four letters since morning".

UZITO WA JAMBO HILI

Huenda msomaji akasema: haya yote ni madogo, madhali msikilizaji ameelewa, kuna hasara gani? Twamjibu kwamba mara nyingi msikilizaji huelewa, lakini aelewa jambo jingine. Tutatoa mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni wa deni. Mtu alikopa shilingi laki tano, akaahidi kulipa elfu hamsini kila mwezi, akaanza mwezi wa Januari. Mwezi wa Juni, baada ya kutoa malipo yake ya sita, amekwisha kutoa laki tatu, na laki mbili zimebaki. Yule aliyemkopesha yuko ng'ambo, na barua zao ni za Kiingereza. Akiandika "I have paid the debt," amesema deni limekwisha. Akiandika "I paid the debt in January," amesema lilikwisha zamani. Zote mbili si kweli, na mwenye mali akizisoma atamdhania kuwa ni mtu wa hila, ingawa moyoni mwake hakukusudia hila. Aandike hivi: "I have been paying the debt since January. I have paid three hundred thousand shillings." Sentensi ya kwanza yasema kwamba malipo yanaendelea, ya pili yahesabu yaliyokwisha timia. Hapo mwenye deni amesema kweli yote, na mwenye mali ameridhika. Sote twajua jinsi dini yetu ilivyolitilia nguvu jambo la deni na kuandikiana. Basi yapasa anayeandika ayajue maneno anayoyaandika.

Mfano wa pili ni wa kijana anayeomba kazi. Yeye yuko katika duka la ami yake kwa miaka mitano, na mpaka leo ndiye anayeandika hesabu. Akaandika: "I worked in my uncle's shop for five years." Msomaji wa barua ile ataelewa kwamba kijana alikwisha kuacha duka, na la kwanza litakalomjia ni kuuliza: aliacha kwa nini, na tangu hapo afanya nini? Kijana amejipunguzia heshima kwa mkono wake mwenyewe. Angeandika "I have been working in my uncle's shop for five years," angeonekana jinsi alivyo, mtu aliye kazini, mwenye kudumu. Na kinyume chake ni hivyo hivyo: aliyeacha kazi asiandike "I have been working", kwani atakuwa ametoa habari isiyo kweli.

Mfano wa tatu ni wa ugonjwa. Mzazi aweza kuwa ugenini, au akakutana na daktari mgeni asiyejua Kiswahili. Mtoto wake akohoa kwa wiki tatu. Akisema "My son coughed for three weeks," daktari ataelewa kwamba alikohoa kisha akapona. Akisema "My son is coughing," daktari ajua kwamba akohoa, lakini hajui tangu lini. Labda ni mafua ya jana. Akisema "My son has been coughing for three weeks," daktari ajua yote mawili kwa mara moja: kwamba angali akikohoa, na kwamba ni siku nyingi. Na muda huo una maana kubwa, kwani kikohozi cha wiki mbili au zaidi ni katika dalili zinazowafanya waganga wampime mtu kifua kikuu. Ndiyo maana daktari aulizapo husema "How long has he been coughing?" Ameutumia wakati huu huu tunaousoma, na ataka ajibiwe kwa huo huo.

VITENZI VISIVYOKUBALI

Kabla ya mazoezi, limebaki jambo moja. Si kila kitenzi cha Kiingereza kikubalicho kutiwa "-ing" hapa. Vitenzi vinavyoeleza hali ya moyo au ya akili, au kumiliki kitu, hukataa. Miongoni mwao ni "know", "believe", "understand", "want", "like", na "have" yenye maana ya kuwa na kitu. Hivyo hutumika katika wakati ule jirani, hata kama hali ingali ikiendelea.

"Namjua tangu utoto" ni "I have known him since childhood," wala si "I have been knowing him". "Tuna duka hili kwa miaka kumi" ni "We have had this shop for ten years," wala si "We have been having". Na kitenzi "be" chenyewe hakitiwi "being" hapa: "Mama ni mgonjwa tangu Ijumaa" ni "Mother has been ill since Friday."

Ama "live" na "work", hivyo ni vyepesi, vyakubali njia zote mbili. "I have lived in Tanga for ten years" na "I have been living in Tanga for ten years" hazipishani sana, wala mwanafunzi hatahukumiwa kwa kuchagua moja katika hizo.

MAZOEZI YA NYUMBANI

Tafsirini sentensi hizi kumi kwa Kiingereza. Mkubwa asome, wadogo waandike, na majibu yaliyo chini yasitazamwe mpaka wote wawe wamekwisha. Jihadharini, kwani si zote zinazotaka wakati wa leo. Mbili zataka ule jirani yake.

1. Najifunza Kiingereza tangu mwaka 2021.
2. Mvua inanyesha kwa siku mbili sasa.
3. Mama anapika tangu saa kumi za jioni.
4. Watoto wanasoma tangu asubuhi, hawakuwa wakicheza.
5. Wangoja hapa kwa muda gani?
6. Namjua mwalimu huyu tangu utoto wangu.
7. Fatma ameandika barua nne leo.
8. Babu amelala tangu saa nane mchana.
9. Nani amekuwa akitumia kalamu yangu?
10. Tunajenga nyumba hii kwa miaka mitatu, na bado haijakwisha.

Majibu:

1. I have been learning English since 2021.
2. It has been raining for two days.
3. Mother has been cooking since four o'clock.
4. The children have been studying since morning. They have not been playing.
5. How long have you been waiting here?
6. I have known this teacher since my childhood.
7. Fatma has written four letters today.
8. Grandfather has been sleeping since two o'clock.
9. Who has been using my pen?
10. We have been building this house for three years, and it is not yet finished.

Aliyepata nane au zaidi amelishika somo. Aliyepata chini ya hapo asivunjike moyo. Arudie sehemu ya "since" na "for", kisha ajaribu tena baada ya siku mbili tatu.

Na tuwape wazazi shauri moja lisilo na gharama. Wakati wa chakula cha jioni, ambapo nyumba nzima imekusanyika, mmoja awaulize wenzake kwa zamu: "What have you been doing since morning?" Kila mmoja ajibu kwa sentensi moja ya kweli. Aliyekuwa akifua aseme "I have been washing clothes." Aliyekuwa akilala naye aseme hivyo hivyo, wala asione haya. Mzazi asiyejua Kiingereza naye aweza kusimamia, kwa kusikiliza nguzo tatu tu: "have" au "has", kisha "been", kisha "-ing". Akikosa kusikia mojawapo, amrudishe mtoto nyuma aseme tena. Yakifanywa haya kwa wiki mbili, wakati huu utazoeleka ulimini, na mtoto hatakuwa na haja ya kuukumbuka kwa kanuni.

Mwezi ujao, Inshallah, tutamweleza ndugu wa wakati huu, yule anayeanza kwa "had been", ambaye hueleza tendo lililokuwa likiendelea kabla ya tendo jingine la zamani kutokea. Mwenye kulishika vyema somo la leo ataona hilo kuwa jepesi sana, kwani nguzo mbili za mwisho hazibadiliki.